KABLA HUJAFUNGA, PITIA KEMISTI
Mfamasia na mgonjwa wa sukari katika mwezi wa Ramadhani

(Mada iliyotolewa katika darasa la vijana baada ya swala ya Isha, mwezi wa Shaaban)



 

Maalim wetu, wazazi wangu mlioko mbele na mlioko nyuma ya pazia, kaka na dada zangu. Walionialika walitaka nizungumze juu ya fadhila za kufunga. Nikawaambia hizo mtazisikia kwa masheikh wetu kila siku baada ya Alasiri, na wao wazijua kunishinda mimi. Mimi nasomea famasia chuo kikuu, mwaka wa nne, kwa hivyo niwieni radhi niseme kile nilichokwenda kukisomea. Leo nataka kuzungumza juu ya sukari. Ile ya dukani, inayopanda bei kila Ramadhani ikikaribia, mwaijua. Mimi nasema juu ya ile ya mwilini.

Na hasa nataka kuzungumza juu ya mtu mmoja ambaye mgonjwa wa sukari huonana naye mara nyingi kuliko anavyoonana na daktari wake. Ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta ya dawa.

Hebu fikirini. Mgonjwa wa sukari huenda kliniki labda kila baada ya miezi mitatu. Hukaa foleni tangu asubuhi, na akiingia kwa daktari, dakika tano zimekwisha. Lakini dawa hununua kila mwezi, na wengine kila wiki kwa sababu pesa za mwezi mzima hazipatikani kwa mpigo. Kisha kuna jambo jengine ambalo sote hapa twalijua ila hatulisemi. Wagonjwa wetu wengi hawamwambii daktari kama watafunga. Waogopa kuambiwa "usifunge". Basi mtu hunyamaza, akarudi nyumbani, akajipangia dawa mwenyewe: hiki nitameza daku, hiki nitaacha, sindano ya asubuhi nitairuka. Daktari hajui. Mke hajui. Lakini dawa anazokuja kununua, na zile anazoacha kununua, huzificha vipi kwa mtu wa kemisti? Hapo ndipo siri inapotoka.

Nitawapa mfano. Mwaka jana nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi katika duka moja la dawa, na Shaaban ilikuwa imebakia siku chache kwisha. Akaja mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, akatoa paketi zake tupu akaziweka kaunta.

"Mwanangu, nipe nusu tu mwezi huu."

Nikamuuliza, "Nusu kwa nini, baba? Pesa hazikutosha?"

"Pesa si neno. Ramadhani mtu hali mchana. Sasa hizi za mchana ni za nini?"

Mfamasia aliyekuwa akinisimamia akaacha alilokuwa akifanya, akaja. Akamwamkia, "Shikamoo mzee." Kisha akamuuliza, "Wanuia kufunga?" Mzee akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwani mimi leo nimekuwa nani nisifunge?"

"Haya. Na hivi vyako vya asubuhi utameza saa ngapi?"

"Kwenye daku. Daku si ndiyo asubuhi yetu?"

Sasa sikizeni vizuri, maana hapa ndipo mada yangu yote ilipo. Zile za mchana alizotaka kuziacha zilikuwa metformini. Vile vya asubuhi alivyotaka kuvileta kwenye daku vilikuwa glibenklamidi, vidonge viwili. Dawa hizi zote mbili ni za sukari na zote ni vidonge vyeupe, lakini kazi zao ni mbali mbali kama samaki na kuku.

Metformini huzuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na huusaidia mwili kuitikia ile insulini iliyopo. Asili yake ni mmea wa Ulaya, na daktari wa Kifaransa aitwaye Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Ikiwa peke yake, ni nadra sana kuishusha sukari chini ya kiwango. Glibenklamidi hukamua kongosho ili litoe insulini, na hukamua uwe umekula au hukula. Nguvu yake huweza kukaa mwilini kutwa nzima, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa zaidi. Basi mzee wetu alikuwa ameacha dawa isiyo na hatari kubwa, na ile yenye hatari ameipeleka kwenye saa mbaya kuliko zote. Angemeza saa kumi alfajiri, halafu asile chochote mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Dawa inakamua, na ndani ya tumbo hakuna kitu. Na yeye yuwajua amefanya hisabu nzuri.

Yule mfamasia hakumbadilishia dawa. Ningependa vijana mlioko hapa mlifahamu hilo, kwa sababu kubadilisha dawa aliyoandika daktari si kazi ya kaunta. Alimwomba mzee cheti chake, akampigia daktari wa kliniki simu, wakazungumza kama dakika kumi. Daktari akaiondoa ile glibenklamidi, akaandika gliklazidi imezwe wakati wa futari, kwa kuwa yenyewe ina hatari ndogo ya kuishusha sukari kupita kiasi. Metformini ikagawanywa: fungu kubwa futari, fungu dogo daku. Tafadhali, msichukue ratiba hii ya mzee mkaenda kumpa mama yenu nyumbani. Ilipangwa kwa mwili wake, umri wake na figo zake.

Huenda mtu akasema, hayo ni ya mzee mmoja. La. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti uitwao EPIDIAR katika nchi 13 za Kiislamu na zenye Waislamu wengi, kwa wagonjwa 12,243. Katika wale wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, 79 kati ya kila 100 walifunga siku 15 au zaidi. Na kushuka vibaya kwa sukari, kule kwa kupelekwa hospitali, kuliongezeka katika Ramadhani mara 7 na nusu kwa watu hawa. Wale wa aina ya kwanza, ambao wengi wao huanza kuugua utotoni na kuishi kwa sindano, kuliongezeka karibu mara 5. Kwa hivyo watu wanafunga, tupende tusipende. Swali lililobakia ni kama wanafunga wakijua au wakikisia.

Na kujua kunasaidia, hilo nalo lilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 huko London uliwafuata Waislamu 111 wenye kisukari cha aina ya pili. Baadhi yao walipewa darasa kabla ya Ramadhani juu ya chakula, dawa na kupima. Wengine hawakupewa. Waliosoma, visa vya sukari kushuka vilipungua kutoka 9 hadi 5. Wasiosoma vilipanda kutoka 9 hadi 36. Darasa lenyewe lilikuwa la saa mbili tu, nduzangu! Sisi saa mbili twazimaliza barazani kwa mpira.

Hapa kwetu tunadhani tumenusurika kwa kuwa tuko Ikweta. Ni kweli, ndugu zetu wa Uingereza Ramadhani ikiwaangukia Juni hufunga saa 18 na zaidi, na sisi mwaka mzima hatupiti saa 13 na nusu hivi. Lakini Ramadhani za miaka hii zinaanguka Februari na Machi, kaskazi iko juu, joto la Mombasa mwalijua wenyewe, na mwenye sukari ambayo haijadhibitiwa hukojoa maji mengi. Atakaukiwa kabla ya Alasiri haijaadhiniwa.

Kuhusu dalili nitasema kidogo, kwani wengi mwazijua. Sukari ikishuka mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, kisha akili huanza kupotea. Huzungumza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, huwa mkali, hugombana na watu aliokuwa akicheka nao. Na hapa nataka kusema jambo bila kumvunjia mtu heshima. Katika mitaa yetu mtu akiwa hivyo saa kumi jioni ndani ya Ramadhani, husemwa kapandwa. Huitwa maalim, watu wakaanza kumsomea. Kisomo ni kheri na hakuna anayekikataa, lakini ikiwa mtu huyo ana kisukari, mpimeni kwanza. Kama hakuna mashine, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, mngoje dakika 15, mkimaliza someni mnavyotaka. Ubongo hauna akiba ya sukari, hauwezi kungoja mpaka juzuu iishe. Na kama amezimia kabisa msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Sasa mtu lini avunje saumu? Muongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wataalamu wa kisukari na Ramadhani, uliotolewa mwaka 2016 na kupitiwa upya 2021, umeweka wazi. Mashine ikionyesha chini ya 3.9, fungua. Ikionyesha zaidi ya 16.6, fungua. Ukijihisi mgonjwa, fungua hata kama namba ni nzuri. Ziandikeni hizo namba mbili mzibandike kwenye mlango wa friji. Muongozo huo huo wasema mgonjwa aanze kujitayarisha wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi, ambayo kwa hisabu yetu ni Rajab. Sisi tuko Shaaban, tumechelewa kidogo, lakini kuchelewa si kukosa.

Wako wanaoogopa kupima wakisema kudunga kidole kutaharibu saumu. Hili si langu kulitolea fatwa. Nitawaeleza tu kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kuwa kutoa damu ya kupima hakufunguzi, na sindano za dawa zisizokuwa za kulisha vilevile hazifunguzi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini aulize kabla ya mwezi, asije akakaa Ramadhani nzima na mashine kabatini kwa shaka ambayo swali moja lingeiondoa.

Nirudi kaunta. Kazi ya mfamasia haimalizikii kwa zile dawa za sukari peke yake, na pengine huku ndiko anakosaidia zaidi, kwani huku hakuna anayetazama. Mwenye sukari huja kununua dawa ya mafua. Huja kununua antibiotiki ya mkojo. Kochimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin, na siprofloksasini pia, zikikutana na glibenklamidi zaweza kuitumbukiza sukari chini. Predinisoloni na deksamethasoni, ambazo wengine hupewa kwa pumu au hujinunulia wanenepe (Mungu atuepushe), hizo huipandisha sukari juu kabisa. Propranololi ya presha huficha kule kutetemeka na moyo kwenda mbio, basi mtu sukari inashuka na yeye hajui. Daktari wa sukari hakuandika haya yote. Huyu aliandika moja, yule wa meno akaandika jengine, na la tatu mtu amejinunulia. Ni nani anayeziona zote kwa pamoja? Ni yule unayezinunua kwake, ikiwa unanunua mahali pamoja na unamwambia ukweli.

Na miti shamba nayo twambieni. Najua habbat soda, uwatu, mdalasini, mwarobaini viko kila nyumba, na sikuja kuvidharau. Uwatu na mdalasini zimefanyiwa utafiti na kuna dalili kuwa zinashusha sukari kidogo. Sasa kama zinashusha, na umeziongeza juu ya vidonge, na umefunga, hisabu yake waiona mwenyewe. Ninaloliogopa zaidi ni zile chupa zinazouzwa na watu wa spika barabarani, "dawa ya asili, haina kemikali". Mwaka 2008 huko Singapore walilazwa watu 150 ambao hawakuwa na kisukari hata kidogo, sukari zao zimeanguka. Walipochunguza wakakuta dawa za nguvu za kiume zilizosemwa kuwa za mitishamba, na ndani yake mna glibenklamidi. Ndiyo, ile ile ya mzee wetu. Wanne kati yao walifariki. Basi dawa yoyote ya chupa inayoishusha sukari yako kwa siku mbili, usiisifu kwanza. Ipeleke kwa mfamasia umuulize.

Wanaotumia insulini wana maswali yao, na mengi mfamasia ndiye wa kuyajibu. Kijana wa kwanza kudungwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa na miaka 14 mwaka ule wa 1922, na kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa akingojewa kufa tu. Waliogundua waliiuza haki yao kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja, ili dawa isije ikawa ya matajiri. Miaka mia na zaidi imepita, na mama katika mtaa wetu bado yuwahesabu shilingi mbele ya kaunta. Mfamasia mwema hapo humwambia mgonjwa kama kuna kampuni nyengine yenye dawa ile ile kwa bei nafuu. Metformini ni metformini, maadamu imesajiliwa.

Swali linaloulizwa sana ni la friji. "Sisi hatuna friji, na umeme wakatika." Chupa ambayo haijafunguliwa yatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na isiganda kamwe; ikiganda itupwe hata kama imeyeyuka ikarudi maji. Lakini ile iliyofunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mahali pa baridi, mbali na jua. Kuna utafiti wa kutia moyo uliochapishwa 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva. Walipima joto la nyumba za wakimbizi hapa hapa Kenya, kambi ya Dagahaley kule Dadaab, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini katika joto kama hilo kwa wiki nne. Haikupoteza zaidi ya sehemu 1 katika 100 ya nguvu yake. Na mtungi wa udongo wa bibi zetu, uliolowanishwa maji na kuwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto zaidi. Chupa itiwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Ila msiiache ndani ya gari wala juu ya dirisha, na kama ilikuwa safi kama maji na leo ina mawingu au chembechembe, irudisheni.

Ile iliyo nyeupe kama maziwa tangu mwanzo ni kawaida yake. Hiyo hubingirishwa viganjani polepole mpaka ichanganyike, isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Nimeona wengi wakiitikisa. Na wengine wamedunga pahali pamoja pa tumbo miaka mpaka pamefanya kinundu, kisha wanashangaa dawa haifanyi kazi. Sindano ya insulini hubadilishiwa mahali. Ratiba ya Ramadhani ya insulini nayo hupangwa upya kabisa, na hapa sitataja namba hata moja, kwa sababu kosa la kidonge huenda likasubiri na kosa la insulini halisubiri.

Nimesema sana "mfamasia", na huenda mmoja wenu yuwajiuliza kama yule kijana anayemuuzia dawa pale kona ni mfamasia kweli. Swali zuri hilo. Mfamasia wa Kenya husoma miaka mitano ya chuo kikuu kisha akafanya mwaka wa mazoezi. Wako pia mafundi sanifu wa famasia wenye diploma, nao ni watu wa kazi. Wote husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, kwa sheria ya sura ya 244, na duka pia hupewa leseni ambayo hutundikwa mahali pa kuonekana. Sasa kuna maduka ambayo leseni ina jina la mtu, na mtu mwenyewe hujamuona hata siku moja. Aliyeko ni mpwa wake aliyemaliza sekondari. Huyo atakuuzia, tena kwa adabu, na atakuchekea. Lakini hatakuuliza kama utafunga, na hata ukimwambia hatajua la kukwambia. Ulizeni waziwazi: "Mfamasia yuko?" Kama hayuko ulizeni atakuja saa ngapi, mrudi saa hiyo. Si utovu wa adabu. Kwa fundi wa gari mbona twauliza?

Na wenye maduka ya dawa walioko hapa, au ambao wana watoto wao hapa, mimi nina ombi. Kuanzia leo mpaka mwezi uandame, kila anayenunua dawa ya sukari aulizwe swali moja: "Utafunga?" Hiyo ni pumzi moja tu. Najua kaunta ina watu, najua biashara ni ngumu. Huko Marekani, mji wa Asheville, katika miaka ya 1990 halmashauri ya mji iliwapa wafanyakazi wake wenye kisukari wafamasia wa kukaa nao mara kwa mara, kuwafundisha na kuwafuatilia. Sukari zao zikatengemaa, siku za kukosa kazini zikapungua, na gharama za matibabu zikashuka. Hawakuleta dawa mpya. Walileta kiti na mtu wa kuuliza.

Tena nchi hii wengi hawajajua hali zao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha karibu watu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari katika maisha yao. Kemisti nyingi zina mashine. Mwenye zaidi ya miaka 40, mwenye tumbo kubwa, mwenye mzazi aliyeugua, apimwe sasa kabla ya mwezi. Ikiwa 7.0 au zaidi asubuhi kabla hujala, nenda hospitali ukahakikishe.

La ruhusa nimeliweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndilo zito. Mwenyeezi Mungu katika Suratul Baqara, pale pale alipofaradhisha saumu, amemtoa mgonjwa na msafiri, wakalipe siku nyengine, na asiyeweza kabisa ana fidia ya kulisha maskini. Twaisoma madrasa tangu tukiwa wadogo. Lakini mtaani hatumwachii mgonjwa nafasi ya kuitumia. Mtu akionekana akinywa maji mchana ashakuwa hadithi ya baraza. Yule mzee alirudi dukani katikati ya Ramadhani kununua stripu za kupimia. Akainama karibu na kaunta akasema kwa sauti ya chini, kama anayekiri wizi, "Juzi saa tisa ilikuja 3.6. Nikanywa maji ya sukari." Yule mfamasia akamwambia, "Mzee, umefanya vile tulivyokubaliana." Mzee akauliza, "Hutamwambia mtu?" Hakuogopa ugonjwa mzee yule. Alituogopa sisi.

Mfamasia hawezi kumwambia mtu funga au usifunge kwa hukumu ya dini, hiyo ni ya wenye elimu yao. Analoweza ni kumwambia hatari yake iko wapi. Wako ambao hatari yao ni kubwa mno: mwenye figo zilizoharibika, mjamzito anayetumia insulini, aliyezimia kwa sukari miezi ya karibuni, mzee anayeishi peke yake. Hawa wakaonane na daktari, kisha wamchukue na sheikh wao neno lile lile la daktari, ili hukumu itolewe juu ya jambo linalojulikana.

Futari nitapita haraka, maana Maghrib watu hawasikizi. Tende mbili tatu si mbaya. Tatizo ni tende, kisha kaimati, kisha tambi za sukari, kisha gilasi ya sharbati, na muhogo wa nazi haujaguswa bado. Anzeni na maji, mswali, ndipo mle. Daku icheleweshwe, na iwe ya chakula kinachokaa tumboni: maharagwe, mbaazi, mayai, mkate wa ngano isiyokobolewa. Anayekula saa tano usiku akalala moja kwa moja amejiongezea saa sita za njaa bure, na vidonge vyake havijui kuwa yeye amelala.

Jambo la mwisho ni Idi. Dozi ya Ramadhani ni ya Ramadhani. Mwezi wa Shawwal ukiandama, mtu hurudi kula asubuhi na mchana, na siku ile yenyewe ni biriani nyumba hii, halua na visheti nyumba ile, mpaka nyumba kumi. Aliyebakia na ratiba ya futari na daku atakuta sukari imepanda, kisha atasema dawa zimeisha nguvu. Basi siku mbili tatu kabla ya Idi rudini kaunta, mchukue paketi zenu zote na kile kijitabu cha vipimo, muulize mwarudi vipi kwenye dozi ya zamani. Na wanaokusudia sita za Shawwal wamwambie papo hapo, maana zile nazo ni saumu na zina hisabu yake.